Gitaa la Marehemu Baba: Mwongozo Kamili wa Kulitambua, Kulikarabati na Kulipiga

Arobaini ya mzee ilipokwisha na wageni wakatawanyika, mama aliniita chumbani: "Panda hapo juu ya kabati, mteremshe mwenzie baba yako." Mwenzie baba alikuwa gitaa kavu lililoviringishwa kwenye kanga mbili. Lilikuwa limelala chini ya bati la nyumba yetu ya Magomeni tangu mzee alipoanza kusumbuliwa na vidole. Kwa furaha na ujinga, jioni hiyohiyo nilikwenda Kariakoo, nikanunua seti ya nyuzi za chuma, nikazivisha, nikazikaza mpaka zikalia. Kulipokucha daraja, yaani kile kibao cha usoni kinachoshikilia nyuzi, lilikuwa limebanduka kwa nyuma, upenyo ukipitisha kadi ya benki. Gitaa la baba halikuwa la nyuzi za chuma hata kidogo.

Ndiyo maana mpangilio wa mwongozo huu ni wa mtu aliyekwisha kuungua: tutambue kwanza, tukarabati baadaye, tukaze mwisho kabisa.

Kwanza, legeza

Kama gitaa bado lina nyuzi, zilegeze zote kidogokidogo: nusu mzunguko uzi huu, nusu mzunguko ule, unarudia mpaka zilale. Usizikate zikiwa zimekaza. Ukishazitoa usizitupe, zifunge kwenye karatasi na uandike ipi ilikaa wapi. Nyuzi kuukuu ni ushahidi. Za baba tatu za chini zilikuwa nailoni tupu, na ile nyembamba kuliko zote ilikuwa mshipi wa kuvulia samaki. Jibu nililolihitaji lilikuwa mkononi mwangu, nami nikalitupa kwenye ndoo ya taka.

Kisha pangusa vumbi kwa kitambaa kikavu cha pamba na brashi laini ya rangi. Palipoganda uchafu, tumia kitambaa chenye unyevunyevu, ukaushe papo hapo. Usiguse msasa, petroli, vanishi wala mafuta ya nazi. Mafuta ya nazi yanang'arisha siku ya kwanza, yakikaa yanachacha na kunata, na mende wanayapenda kuliko wewe.

Ni la chuma au la nailoni?

Hili ndilo swali linaloamua maisha au kifo cha gitaa. Seti ya kawaida ya nailoni ikikazwa sawasawa inavuta daraja kwa nguvu ya takriban kilo 40. Seti nyepesi ya chuma inavuta kilo 70 na zaidi. Gitaa la nailoni limejengwa kwa mbao nyembamba na vihimili vyepesi vya ndani. Ukilibebesha mzigo wa chuma, litatii kwa siku chache, kisha daraja litabanduka, uso utavimba au shingo itapinda.

Anza na kichwa. Gitaa la nailoni kwa kawaida kichwa chake kina madirisha mawili marefu, na nyuzi zinazungushwa kwenye vijiti vinene vyeupe vilivyolala humo. La chuma mara nyingi lina kichwa kizima, na nguzo nyembamba za chuma zimesimama juu yake. Nenda darajani. Kwenye nailoni uzi unapita kwenye tundu na kufungwa fundo juu ya daraja. Kwenye chuma mara nyingi uzi unaingia tumboni na kuzibwa kwa kipini kidogo. Halafu pima upana wa shingo pale juu, kwenye mfupa ambao nyuzi zinapita kabla ya kufika kichwani. Ukipata karibu milimita 52, ni la nailoni. Karibu 43, ni la chuma. Mwisho hesabu freti, vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo, kutoka kichwani hadi shingo inapokutana na mwili: la nailoni hukutana kwenye freti ya 12, na ya chuma mengi hukutana kwenye ya 14.

Usiamue kwa alama moja. Kuna magitaa ya chuma yenye madirisha kichwani, na kuna ya zamani ambayo nyuzi hazifungwi darajani, zinavuka mpaka kwenye bati la chuma lililopigiliwa kitakoni. Hayo ya bati kitakoni ni ya chuma, na daraja lake kwa kawaida linashikiliwa na mgandamizo wa nyuzi tu. Likikuangukia mkononi usidhani umelivunja. Kama limegandishwa kwa gundi juu ya uso, kuna fundi aliwahi kupita hapo kabla yako.

Ukibaki na shaka baada ya vipimo vyote, vika nailoni. Nyuzi za nailoni kwenye gitaa la chuma zitalia kinyonge tu, lakini za chuma kwenye gitaa la nailoni zitalimaliza.

Limetoka nchi gani, na lini?

Washa tochi ya simu, chungulia kwenye tundu la sauti. Kwa kawaida kuna lebo ya karatasi mgongoni kwa ndani. Ya baba ilikuwa imeliwa nusu na mende, lakini maneno mawili yalibaki: Nippon Gakki. Hilo ndilo jina la zamani la kampuni ya Yamaha ya Japani. Ilibadili na kujiita Yamaha Corporation mwaka 1987. Kwa hiyo lebo yenye Nippon Gakki ni ya kabla ya hapo.

Majina ya nchi nayo ni kalenda. Lebo inayosema Czechoslovakia haiwezi kuwa ya baada ya 1992, maana nchi hiyo iligawanyika siku ya kwanza ya 1993. Ujerumani Magharibi na Ujerumani Mashariki ziliungana Oktoba 1990, na Umoja wa Kisovieti ulivunjika Desemba 1991. Wazee wengi walisoma huko au walifanya kazi na wageni wa huko, na gitaa lilikuwa zawadi nyepesi ya kurudi nayo. Gitaa la Kisovieti usilishangae likiwa na nyuzi saba: Warusi wana utamaduni huo. Ukikuta parafujo kubwa pale shingo inapokutana na mwili, ni ya kurekebishia mwinamo wa shingo.

Kuna jina moja lililokaa kwenye lugha yetu kabisa. Wazee wa dansi husema "galatoni" wakimaanisha gitaa kavu lolote. Neno hilo linaturudisha kwenye Gallotone, magitaa ya bei nafuu yaliyotengenezwa Durban, Afrika Kusini, na kusambaa Afrika ya kati, kusini na mashariki. Ndugu zako wakishaanza kupiga hesabu za kuuza, wasimulie hivi: gitaa la kwanza la John Lennon lilikuwa Gallotone, lenye lebo inayodhamini kwamba halitapasuka, na mwaka 1999 liliuzwa mnadani London kwa zaidi ya pauni laki moja. Fedha hiyo ilifuata jina la mpigaji. Galatoni la baba yenu bila jina hilo ni gitaa la bei ya kawaida, kwa hiyo msigombane.

Lebo ikiwa imekwisha, tafuta kwingine: mhuri uliochomwa kwenye mbao ndani, maandishi ya penseli, muhuri nyuma ya kichwa. Tazama pia mgongoni kwa nje. Bendi zetu nyingi zilimilikiwa na mashirika na taasisi, NUTA Jazz, UDA Jazz, Polisi Jazz na nyinginezo, na vyombo vilikuwa mali ya taasisi. Namba iliyopigwa kwa rangi, mithili ya ile ya viti vya ofisi, inaweza kukueleza mambo ya ujana wa mzee ambayo hakuyasema mezani.

Soma mikwaruzo

Hatua hii watu huiruka, na mimi nitakaa hapa kidogo. Kabla hujafikiria kuondoa alama yoyote, lipige picha gitaa zima kwenye mwanga wa asubuhi, hasa ubao wa freti na eneo la kuzunguka tundu.

Chuma cha freti kinalika mahali uzi unapobanwa mara kwa mara. Vishimo vikiwa kwenye freti ya 1 hadi ya 3 peke yake, mzee alikuwa mtu wa kodi za wazi, zile zinazoacha baadhi ya nyuzi bila kubanwa, na kuimba juu yake. (Kodi hizi si za TRA wala za mwenye nyumba, ni noti kadhaa zinazopigwa pamoja.) Vikifika freti ya 5 mpaka ya 12 kwenye nyuzi nyembamba, alikuwa anapiga solo. Mstari wa msuguano unaokatiza shingo upande hadi upande, kwa kawaida nyuma ya freti ya 2 au ya 3, ni wa kapo, kibanio kinachobana nyuzi zote kwa pamoja. Wengine walitumia penseli iliyofungwa kwa mpira, ili wapandishe sauti bila kubadili vidole.

Geukia mkono wa kulia. Uso ukiwa umechanika rangi chini ya tundu, alicharaza kwa piki, kile kipande kidogo cha plastiki cha kupigia nyuzi. Ukiwa umelika sehemu mbili ndogo, moja juu karibu na nyuzi nene na nyingine chini, huenda alipiga kwa vidole viwili, gumba na shahada. Ndio mtindo ambao mpiga gitaa Mwenda wa Bayeke wa Katanga, Kongo, aliyerekodiwa na mkusanyaji wa muziki Hugh Tracey mwaka 1952, aliuenezea sifa mpaka huku kwetu. Doa jeusi kwenye ukingo wa juu ni jasho la kiwiko. Na kama vipasuo vya mfupa wa shingoni vimepangwa kinyume, kinene kikiwa upande wa chini, alikuwa wa mkono wa kushoto.

La baba lilikuwa na vishimo kwenye freti ya 5 na ya 7, na mstari wa kapo. Sikuwahi kumsikia akipiga solo. Nilimsikia akiimba tu, nami nikiwa mtoto nikadhani ndiyo yote aliyoweza.

Ukaguzi wa afya

Gonga uso na mgongo kwa kifundo cha kidole, polepole, sehemu zote. Mlio unapaswa kuwa mkavu na wa pamoja. Ukisikia kitu kinatetema kama karatasi, kihimili cha ndani kimeachia gundi. Ingiza simu tunduni ikiwa inarekodi video huku tochi imewaka. Hiyo ni bora kuliko kioo cha kunyolea.

Tafuta unga mwembamba wa mbao na vitundu vya ukubwa wa kichwa cha pini. Hiyo ni mbao inayobunguliwa. Litenge gitaa hilo na fanicha nyingine kwenye mfuko uliofungwa mpaka fundi alione, na uvizungushie vitundu kalamu ya wino ili ujue kama vinaongezeka.

Shingo sasa. Ukiwa na uzi mmoja uliokazwa kidogo tu, bana kwenye freti ya 1 kwa mkono wa kushoto, na kwenye freti iliyo pale shingo inapokutana na mwili kwa mkono wa kulia. Uzi umekuwa rula. Tazama freti ya 7: panatakiwa nafasi ndogo sana, karatasi mbili tatu za daftari zipite. Kadi ya benki ikipita, shingo imepinda. Magitaa mengi ya chuma yana fimbo ya chuma ndani ya shingo inayorekebishwa kwa ufunguo. Ya nailoni ya zamani kwa kawaida hayana, na shingo yake ikipinda sana ni kazi ya fundi mzoefu.

Kimo cha nyuzi pima kwa kadi zilezile. Kadi moja ina unene wa karibu milimita 0.76. Kwenye freti ya 12, chini ya uzi mnene, la chuma linapigika vizuri kwa kadi tatu, la nailoni kwa kadi tano. Zikipita kadi nane, wala usijilaumu kwamba vidole vyako ni dhaifu.

Kwa fundi

Ufa mdogo, daraja lililobanduka na kihimili kilichoachia vyote vinatibika. Kama hujampata fundi wa magitaa, waulize wapigaji wa bendi wenyewe. Wengi wana mtu wao. Seremala mzuri wa Keko anaweza kugandisha daraja, ila mpe masharti kabla hajashika chombo: asipige msasa, asipige vanishi, asitumie supa glu. Gundi ni ya mbao, ile nyeupe ya maji, baada ya kukwangua gundi ya zamani mpaka mbao ionekane. Abane kwa klempu saa 24, kisha gitaa likae bila nyuzi siku mbili tatu. Mimi fundi wangu wa kwanza alinirudishia gitaa limeng'aa kama jeneza, akiwa amelipaka vanishi kwa huruma yake. Sauti ikafifia, maana uso wa gitaa ni ngozi ya ngoma. Ukiubebesha rangi nzito, hautetemi.

Nyuzi zikiwa juu mno na shingo imenyooka, tatizo liko kwenye mfupa wa darajani, ule ambao nyuzi zinaulalia. Ili nyuzi zishuke milimita 1 kwenye freti ya 12, mfupa upunguzwe milimita 2, tena kwa chini, kwenye msasa uliolazwa juu ya kioo ili kitako kibaki sawa. Mfupa ukivunjika, mfupa wa ng'ombe kutoka buchani, ukichemshwa, ukasafishwa na kukaushwa vizuri, unachongwa ukawa bora kuliko plastiki ya dukani.

Kuvisha nyuzi na kutuni

Dukani usiseme "nataka nyuzi za gitaa." Sema aina, na kwa za chuma sema namba. Seti ya "10" ina uzi wa kwanza wenye unene wa inchi 0.010, na kwa gitaa la zamani hiyo inatosha. Muuzaji aliyeniuzia za kwangu hakuuliza, nami sikusema.

Nyuzi zinahesabiwa kutoka chini: wa 1 ni mwembamba, wa 6 ni mnene. Kutoka wa 6 kwenda wa 1 noti zake ni E, A, D, G, B, E. Programu ya kutunia ya simu itakuonyesha, lakini angalia: E ziko nyingi, na programu itasema E ukiwa chini na ukiwa juu mno. Kama programu inaonyesha hezi, yaani mitetemo kwa sekunde, uzi wa 6 ni 82, wa 5 ni 110, wa 4 ni 147, wa 3 ni 196, wa 2 ni 247, wa 1 ni 330. Bila simu, bana freti ya 5 ya uzi wa 6 na uzi wa 5 ulie sawa nao; endelea hivyo hivyo, isipokuwa uzi wa 3, unabanwa freti ya 4 ili kupata wa 2.

Wiki ya kwanza tuni zote sauti moja chini: D, G, C, F, A, D. Mzigo unapungua, na kila asubuhi unakagua daraja kwa kingo ya karatasi. Karatasi isipopenya kwa wiki nzima, panda. Nailoni mpya inashuka siku kadhaa. Si ugonjwa, inajinyoosha.

Mwisho pima ukweli wa freti. Gusa uzi juu ya chuma cha freti ya 12 bila kubana, upige, utalia kama kengele. Sasa bana freti hiyohiyo upige. Noti zikitofautiana kidogo, vumilia. Zikitofautiana sana, daraja halikurudishwa mahali pake: umbali kutoka mfupa wa shingoni hadi freti ya 12 lazima karibu ulingane na kutoka hapo hadi mfupa wa darajani.

Kupiga

Bana uzi karibu na freti, nyuma yake, si juu yake wala katikati. Dakika 15 kila siku zinashinda saa tatu za Jumapili. Vidole vitauma wiki mbili tatu, kisha vitaota sugu.

Kodi tatu zinatosha kuanzia. G: uzi wa 6 freti ya 3, wa 5 freti ya 2, wa 1 freti ya 3. C: uzi wa 5 freti ya 3, wa 4 freti ya 2, wa 2 freti ya 1, na wa 6 usipigwe. D: uzi wa 3 freti ya 2, wa 2 freti ya 3, wa 1 freti ya 2, ukianzia uzi wa 4. Nyimbo nyingi za zamani za dansi zinazunguka kwenye uhusiano huu wa kodi tatu, zikipandishwa au kushushwa.

Mkono wa kulia weka piki pembeni. Gumba ndiye mpiga besi, shahada ndiye solo. Kwenye G, gumba upige uzi wa 6, shahada wa 2, gumba wa 4, shahada wa 1. Zunguka polepole mpaka ukaweza kuzungumza huku mkono unaendelea. Kwenye C gumba hubadilishana uzi wa 5 na wa 4, na kwenye D wa 4 na wa 5 ulio wazi. Gumba lisisimame hata shahada akikosea, kwa sababu bendi haimsubiri mpiga solo.

Kulitunza kwa hewa ya Dar

Juu ya kabati chini ya bati ni tanuri, na gari lililoegeshwa juani ni baya zaidi: gundi inalainika. Litundike ukuta wa ndani usiopigwa na jua la jioni. Wakati wa masika mbao hunyonya unyevu, uso ukavimba na nyuzi zikapanda. Weka kwenye mfuko wake vile vipakiti vya kukaushia vinavyokuja na viatu. Nyuzi za chuma zipanguse kila ukimaliza, maana upepo wa bahari hauzisamehi.

La kwangu sasa lina nailoni. Juzi nilikuwa napapasa freti ya 5 na ya 7, nikifuata vishimo tu, kapo ikiwa kwenye mstari wake. Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Hapo umeharakisha," akasema. "Alikuwa akifika hapo anangoja kidogo, ndiyo anarudi juu."